MAISHA YA FAUSTO COPPI, MWENDESHA BAISKELI WA ITALIA

Katika nchi zetu baiskeli ni chombo cha kazi. Hubeba mikungu ya ndizi, madumu ya maji, magunia ya makaa, na pengine mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Lakini huko Ulaya wako watu ambao kazi yao ni kushindana kwa baiskeli, nao hulipwa mshahara kama alipwavyo karani au mwalimu. Mmoja wao, ambaye sifa zake zilienea kuliko karibu wote, ni Fausto Coppi wa Italia. Mtu huyu alivunjika mifupa mara nyingi, na kila mara alirudi barabarani. Katika habari hizi nitaeleza maisha yake kwa ufupi, ila nitakaa zaidi katika miaka miwili, toka Juni 1950 hata Julai 1952, kwa sababu katika miaka hiyo alivunjika mwili na moyo pia.

Coppi alizaliwa tarehe 15 Septemba 1919 katika kijiji kidogo cha vilimani kiitwacho Castellania, kaskazini-magharibi ya Italia. Wazazi wake, Domenico na Angiolina, walikuwa wakulima wasio na mali. Walikuwa na watoto watano, na Fausto alikuwa wa nne. Kitinda mimba wao aliitwa Serse, naye tutamtaja tena mbele. Fausto hakuwa mtoto mwenye afya. Alikuwa mwembamba, mwenye miguu mirefu na kifua kilichotokeza kama cha ndege, na mifupa yake ilikuwa dhaifu. Mtu aliyemwona akitembea kwa miguu alimwonea huruma. Lakini alipopanda baiskeli alikuwa mtu mwingine kabisa, hata watazamaji walidhani kwamba hatumii nguvu.

Alipokuwa na umri wa miaka 13 aliacha shule akaenda mji wa Novi Ligure kufanya kazi katika duka la nyama. Kazi yake ilikuwa kuwapelekea wanunuzi nyama kwa baiskeli, juu ya vilima na chini ya vilima. Ndugu mmoja wa baba yake, aliyekuwa nahodha wa meli, akampa fedha za kununua baiskeli ya mashindano. Katika mji huo huo alikuwako mkandaji mmoja aliyeitwa Biagio Cavanna. Mzee huyu alikuwa kipofu, lakini vidole vyake vilijua mengi. Alimpapasa kijana miguu na mgongo, akatambua kwamba ana nguvu isiyo ya kawaida. Tangu hapo Cavanna akawa mwalimu wake: alimfundisha wakati wa kulala, chakula cha kula, na namna ya kujizoeza. Hakumwacha hata alipokuwa mtu mashuhuri.

Kabla ya kuendelea yafaa nieleze mashindano haya yalivyo. Baadhi ya mashindano makubwa ya baiskeli hayamalizwi siku moja. Yale ya kuzunguka Italia huitwa Giro d'Italia, na yale ya kuzunguka Ufaransa huitwa Tour de France. Kila moja huchukua kama majuma matatu. Kila siku huendeshwa safari moja, pengine ya kilometa 200 au zaidi, na muda wa kila mtu huandikwa. Mwisho, yule ambaye jumla ya muda wake ni ndogo kuliko wote ndiye mshindi. Tena watu hawashindani peke yao. Kila timu ina mkubwa wake, na wengine ni wasaidizi, ambao humkinga na upepo, humletea maji, na humpa hata gurudumu lao akitobokewa.

Mwaka 1940 Coppi, akiwa na miaka 20 tu, alichukuliwa katika Giro kuwa msaidizi wa Gino Bartali, bingwa mkubwa wa Italia wa siku zile. Bartali alianguka mapema akaumia, na yule msaidizi akashinda mashindano yote. Hakuna kijana kama yeye aliyekuwa amepata kushinda Giro kabla yake. Mashindano yalikwisha tarehe 9 Juni, na siku iliyofuata Italia iliingia vitani. Coppi akaitwa katika jeshi. Hata hivyo mwezi Novemba 1942, katika uwanja wa Vigorelli mjini Milano, aliendesha kilometa zaidi ya 45 na nusu kwa saa moja, na kwa miaka 13 na zaidi hakuna aliyempita. Baadaye alipelekwa Tunisia, na mwaka 1943 alitekwa na jeshi la Waingereza akawa mfungwa wa vita katika Afrika ya Kaskazini. Alirudi kwao mwaka 1945. Miaka yake mizuri ya ujana ilikuwa imepotea, kama ilivyopotea miaka ya vijana wengi wa siku zile.

Aliporudi alionyesha kwamba hakuja kucheza. Mwezi Machi 1946, katika mashindano ya kutoka Milano hadi San Remo, aliwaacha wenzake mapema akafika peke yake, na mtu wa pili alifika dakika 14 baada yake. Mwaka 1947 alishinda Giro mara ya pili. Mwaka 1949 alishinda Giro na Tour de France katika mwaka mmoja, jambo ambalo hakuna mtu aliyepata kulifanya kabla yake.

Lakini hata katika Tour hiyo ya 1949 alikuwa karibu kushindwa, na kisa chenyewe chatuonyesha tabia yake. Siku ya tano, njiani kwenda Saint-Malo, alianguka na baiskeli yake ikaharibika. Akasimama kando ya barabara, na baiskeli nyingine aliyopewa haikumfaa. Moyo ukamwisha, akataka kurudi nyumbani. Mkubwa wa timu, Alfredo Binda, alimbembeleza sana mpaka akakubali kuendelea. Jioni ile alikuwa nyuma ya yule wa kwanza kwa zaidi ya dakika 36. Mtu angesema hakuna tumaini tena. Lakini siku baada ya siku, hasa katika milima ya Alpi, alipunguza deni hilo mpaka akalimaliza, na mjini Paris akawa mshindi. Basi Coppi hakuwa mtu wa chuma asiyejua kukata tamaa. Alikata tamaa kama sisi, ila alikubali kusikia shauri la wengine.

Sasa tufike mwaka 1950. Ulianza vizuri, maana mwezi Aprili alishinda mashindano ya kutoka Paris hadi Roubaix, ambayo njia yake ni ya mawe na hutisha hata wenye nguvu. Mwezi Mei akaanza Giro, na watu wengi walidhani atashinda tena. Tarehe 2 Juni walikuwa wakitoka Vicenza kwenda Bolzano. Karibu na kijiji cha Primolano baiskeli yake iligusana na ya mwenziwe, akatupwa chini. Alipojaribu kuinuka hakuweza. Alipelekwa hospitali mjini Trento, na madaktari wakaona kwamba mfupa wa nyonga umevunjika mahali patatu.

Msomaji afikiri maana ya jambo hilo. Mkono ukivunjika hufungwa plasta, na mwenyewe akaendelea kutembea. Lakini nyonga ndiyo inayobeba mwili wote, ndiyo inayoshika miguu, na ndiyo anayokalia mwendesha baiskeli muda wa saa sita au saba kwa siku. Dawa yake kubwa wakati ule ilikuwa kulala tu, majuma kwa majuma, bila kujigeuza ovyo. Na mtu akilala hivyo, misuli yake husinyaa. Mfupa waweza kuunga vizuri, na mguu ukawa umepoteza nguvu zake. Coppi alikuwa na miaka 30, na wengi walisema kwamba mambo yake yamekwisha. Alipokuwa kitandani, Mswisi Hugo Koblet alishinda Giro, akawa mgeni wa kwanza kulishinda. Tour de France nayo ikapita bila Coppi.

Alirudije? Hakurudi kwa miujiza wala kwa pupa. Kwanza alisubiri mfupa uunge. Kisha alianza kutembea polepole, halafu akapanda baiskeli kwa safari fupi, kisha ndefu zaidi. Yule mzee kipofu akashika tena kazi yake ya kukanda miguu, na kwa vidole vyake aliweza kujua nguvu zimerudi kiasi gani. Coppi alikuwa mtu wa utaratibu: alipima chakula chake, alipima usingizi wake, na alipima kazi ya kila siku. Wenzake wengi wa siku zile walikula nyama tele kabla ya mashindano na kusema kwamba hiyo ndiyo nguvu. Yeye alifuata utaratibu wake mwenyewe, akala mboga na vyakula vyepesi. Ikawa mwezi Oktoba wa mwaka ule ule alishiriki mashindano ya Giro di Lombardia akawa wa tatu. Hakushinda, lakini kwa mtu aliyekuwa amelala kitandani mwezi Juni bila kuweza kujigeuza, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Asidhani mtu kwamba taabu ziliishia hapo. Machi 1951, katika mashindano ya Milano hadi Torino, alianguka tena akavunjika mtulinga. Akapona, na mwezi Mei akaingia katika Giro akawa wa nne. Mwili ulikuwa unarudi kidogo kidogo. Ndipo likaja pigo ambalo plasta haiwezi kulifunga.

Serse, ndugu yake mdogo, naye alikuwa mwendesha baiskeli. Hakuwa na nguvu kama Fausto, ingawa mwaka 1949 alitangazwa mshindi wa Paris-Roubaix pamoja na Mfaransa mmoja. Alikuwa mcheshi, mpenda watu, naye ndiye aliyekuwa akimchangamsha kaka yake, maana Fausto alikuwa mnyamavu na mwenye wasiwasi. Tarehe 29 Juni 1951, mjini Torino, karibu na mwisho wa mashindano, gurudumu la Serse liliingia katika reli ya tramu akaanguka na kugonga kichwa. Aliinuka, akapanda baiskeli, akafika mwisho, akaenda hotelini kama mtu asiye na jambo. Baadaye kichwa kikaanza kumuuma sana. Damu ilikuwa ikivuja ndani ya fuvu, na siku hiyo hiyo akafariki.

Fausto alitaka kuacha mashindano kabisa. Lakini Tour de France ilikuwa inaanza tarehe 4 Julai, siku tano tu baada ya kifo hicho, naye akashawishiwa kwenda. Alikwenda, lakini moyo haukuwamo. Siku moja, katika jua kali la kusini mwa Ufaransa, njiani kwenda Montpellier, nguvu zilimwisha kabisa. Alitapika, akapepesuka, akaachwa na wote waliokuwa mbele. Baadhi ya wenzake wa timu ya Italia walibaki naye, wakamsukuma kwa maneno, wakamkinga na upepo, mpaka akafika. Alikuwa amechelewa zaidi ya nusu saa. Hata hivyo hakuacha. Siku chache baadaye, katika milima, alishinda safari ya kwenda Briançon, na mwisho wa mashindano akawa wa kumi. Hugo Koblet ndiye aliyeshinda. Katika hesabu ya ushindi, nafasi ya kumi si kitu kwa mtu kama Coppi. Lakini mimi nadhani safari ile ya Montpellier ilikuwa ngumu kuliko zote alizoshinda, maana siku ile hapakuwa na sifa wala zawadi ya kumvuta.

Mwaka 1952 watu waliona matunda ya subira. Mwezi Juni alimaliza Giro akiwa wa kwanza, zaidi ya dakika 9 mbele ya Fiorenzo Magni. Kisha akaenda Ufaransa. Huko lilitokea jambo lililowachekesha na kuwagusa watu. Msaidizi wake mmoja, Andrea Carrea, mtu mnyenyekevu aliyeokoka katika kambi ya mateso ya Buchenwald wakati wa vita, alijikuta siku moja amevikwa fulana ya manjano, ambayo huvaliwa na yule anayeongoza. Badala ya kufurahi alilia, akaona kama amemwibia mkubwa wake. Coppi hakumkasirikia hata kidogo, alimpongeza. Siku iliyofuata, tarehe 4 Julai, walipanda mlima wa Alpe d'Huez, ambao Tour ilikuwa haijaupanda kabla ya hapo. Coppi aliwaacha wote akafika juu peke yake, akaivaa fulana ile. Ulikuwa umetimia mwaka mmoja kamili tangu siku aliyoanza Tour akiwa na msiba wa ndugu yake.

Baada ya hapo hakuna aliyemkaribia. Wenye mashindano waliona kwamba wengine watakata tamaa, wakaongeza zawadi ya mtu wa pili ili mashindano yasipoe. Coppi alifika Paris akiwa amemshinda wa pili kwa dakika 28 na sekunde 17, akawa ameshinda tena Giro na Tour katika mwaka mmoja. Hata Bartali, mshindani wake wa siku nyingi, alikuwa katika timu yake. Iko picha moja ya mwaka huo, wakipanda mlima wa Galibier, ambayo yawaonyesha wawili hao wakipeana chupa ya maji, na mpaka leo Waitalia hubishana ni nani aliyempa mwenziwe.

Mwaka 1953 alishinda Giro mara ya tano, baada ya kumwacha Koblet katika mlima wa Stelvio wenye urefu wa zaidi ya mita 2,700. Mwezi Agosti mwaka huo huo akawa bingwa wa dunia mjini Lugano, Uswisi. Ubingwa huo wa dunia ndio ulioshindaniwa Kigali, Rwanda, Septemba 2025, mara ya kwanza katika Afrika, na baadhi ya wasomaji wetu huenda walisimama kando ya barabara wakatazama.

Si vema kumsifu mtu kwa kuficha mengine. Ndoa yake ilivunjika, na kwa kuwa sheria ya Italia ya siku zile iliadhibu uzinzi, mwaka 1955 alishitakiwa, na magazeti yakamwandika sana. Tena yeye mwenyewe alikiri hadharani kwamba alitumia dawa za kuchangamsha mwili katika mashindano. Wakati ule hazikuwa zimekatazwa, lakini zilikuwa hatari, na leo mtu akitumia hufukuzwa. Miaka nayo ilikuwa ikimpita. Mapema mwaka 1957 alianguka Sassari, katika kisiwa cha Sardinia, akavunjika fupa la paja. Alikuwa na miaka 37. Hata safari hii alirudi, na mwezi Novemba alishinda mashindano ya Trofeo Baracchi, ya watu wawili wawili, akiwa na kijana Ercole Baldini.

Mwezi Desemba 1959 Coppi na Wafaransa kadhaa mashuhuri walialikwa Upper Volta, nchi ambayo tangu 1984 huitwa Burkina Faso. Walishindana mjini Ouagadougou tarehe 13, kisha wakaenda kuwinda. Coppi alilala chumba kimoja na rafiki yake Raphaël Géminiani, na mbu walikuwa wengi. Wakarudi makwao kwa furaha. Kabla ya mwezi kwisha wote wawili wakashikwa na homa kali. Huko Ufaransa damu ya Géminiani ilipimwa ikaonekana kuwa ni malaria. Akapewa kwinini, na ingawa alikuwa amezimia siku kadhaa, akapona. Ameishi mpaka mwaka 2024, akafa akiwa na miaka 99. Lakini Italia madaktari walidhani kwamba Coppi ana ugonjwa wa mapafu, wakamtibu hivyo. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Januari 1960 katika hospitali ya Tortona, akiwa na miaka 40. Alikuwa akijitayarisha kwa mwaka mpya katika timu ambayo kiongozi wake angekuwa Bartali.

Amezikwa Castellania, karibu na Serse. Mwaka 2019 kijiji hicho kilibadilishwa jina kikaitwa Castellania Coppi, na tangu 1965 mlima mrefu kuliko yote katika Giro ya kila mwaka huitwa kwa jina lake.

Sisi tunaokaa katika nchi za malaria twaijua homa hiyo tangu utotoni, na kifo hiki chatuuma zaidi kwa sababu dawa ilikuwako. Kilichokosekana ni kuutambua ugonjwa mapema. Basi ninyi mnaosafiri mbali kwa masomo au kwa kazi, mkiugua huko mwambieni daktari mara moja mmetoka wapi na mlilala wapi.

Na ninyi wanafunzi ambao mwaka huu mmeanguka, katika mtihani, au katika mchezo, au kwa msiba wa nyumbani, ukumbukeni mwaka ule wa 1951, wakati Coppi alipokuwa wa kumi. Wahenga walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi aliyevunjikiwa koleo huketi kwanza akaitengeneza. Hajitupi motoni kwa mikono mitupu. Coppi naye alikaa kitandani muda uliotakiwa, akawakubali waliomsaidia, akaanza tena kwa safari fupi.